Kiti cha Mashine ya Pili

Baraka, Jumanne 13 Septemba 2022

Baba Bahati,

Barua hii nampa Jacques mkononi kabla boti yake haijaondoka, maana simu yako nimeipiga siku nne na yule mwanamke wa mtandao ananijibu kila mara kwamba hupatikani. Kama antena ya Kazimia imekufa tena, basi tuandikiane kama wazee wetu. Mtoto hajambo, kikohozi kimeisha. Kaka yako Waziri mguu wake unaendeleaje? Mwambie asiukanyage kabla ya wakati.

Sasa shida yangu. Ulipokwenda kumshikia kaka yako kazi ya kuvua na kuanika ndagala uliniachia chumba cha mashine, kompyuta nne na sola juu ya bati, ukasema, "Kazi ni kuwasha na kuzima." Si kweli. Watu wanaokuja kucheza mchezo wa falme wanakwama, na wakikwama wanaita "Fundi! Fundi!" na fundi yuko Kazimia anaanika samaki. Jana jirani yetu Florentine, mshonaji, alikaa mbele ya mashine mara ya kwanza maishani mwake, akaniuliza, "Mama Bahati, baaskari banatokaka wapi?" Nikamwambia abonyeze popote. Alibonyeza popote, akachoma nyumba zake mwenyewe. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini niliona aibu.

Kisha kuna Uvira. Ulimwahidi Roger, mwenye chumba kama chetu huko, kwamba watu wake watakuja tarehe 22 Oktoba kucheza na sisi, wawili kwa wawili. Ulisema utacheza wewe na Ganza, yule kijana wa milimani anayekuja kila mchana. Mguu wa Waziri hautapona kabla ya hapo, na Ganza hawezi kukaa kwenye mashine mbili.

Nifundishe. Andika kama unavyomwandikia mtu asiyejua lolote, karatasi nitaiweka kando ya mashine.

Wako,
Faida


Kazimia, Ijumaa 16 Septemba 2022

Mama Bahati, mke wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote nimecheka mahali pa Florentine. Antena imekufa kweli. Mguu wa Waziri bado umevimba, anakaa kwenye mkeka anatoa amri kuliko chifu.

Sikiliza basi, mwanafunzi wangu. Kwanza sahau askari. Kila anayeanza anakimbilia askari. Anatengeneza kumi wa mikuki, anaona raha, kisha chakula kinaisha naye anabaki na watu kumi wenye njaa wamesimama mlangoni. Anza na wakulima. Wengine walime, wengine wakate miti, na nyumba kubwa isikae bure hata unapopiga chafya. Iendelee kuzaa mkulima mmoja baada ya mwingine. Ukifikisha ishirini na tano ndipo uanze kufikiria mikuki.

Halafu mpelelezi. Tuma mmoja tu, wa farasi, azunguke ramani yote mapema ujue adui anakaa wapi na dhahabu iko wapi. Huyo hapigani. Anaangalia na kurudi.

Mikuki inaua farasi, farasi wanaua wapiga mishale, wapiga mishale wanaua mikuki. Hilo liandike kwa herufi kubwa. Ukiona adui ana farasi wengi usilie, tengeneza mikuki. Na usiwapeleke watu wako kidogo kidogo, watano sasa, watano baadaye, adui atawatafuna kama karanga. Wakusanye, wapange wa mishale nyuma, kisha waende pamoja. Ukiweza pigana ukiwa juu ya kilima.

Na ile kanuni ya nyumba usiilegeze: rangi tu, buluu na nyekundu. Mtu asiipe timu yake jina la kijiji chochote wala la kundi lolote, na neno "vita" lisipigiwe kelele dirishani, maana barabarani wanapita watu wenye bunduki za kweli na hao hawajui kucheza.

Ganza ni mzuri kwa farasi lakini hana subira. Mimi ndiye ninayemshikilia. Mambo ya Uvira tutayaona. Kama ni lazima nitamwandikia Roger asogeze tarehe mbele.

Ninajiona kama mwalimu mkuu leo. Waziri ananiuliza nacheka nini.

Mumeo,
Mahmudu


Baraka, Jumanne 20 Septemba 2022

Baba Bahati,

Karatasi yako imeshachafuka kwa vidole. Nimepigwa mara saba. Siku ya kwanza niliwasahau wakulima msituni wakaliwa na mbwa mwitu, wote sita, na mimi nahangaika kutafuta kitufe cha mikuki. Lakini Jumapili kitu kilifunguka kichwani. Nilikuwa na wakulima thelathini, ghala limejaa, adui hajui, na nikasikia ile raha ya kufika sokoni na beseni limejaa wakati wenzako bado wanafunga vitenge.

Ganza ananisaidia. Anasema farasi usiwapitishe wote njia moja, uwagawe kama ng'ombe kwenye kivuko, la sivyo wa nyuma wanawakanyaga wa mbele. Ni mchungaji, anajua wanyama. Ganza amenionyesha pia kwamba askari wakizidiwa wasigeuke kupigana katikati ya njia, warudi mpaka kilimani ndipo wageuke. Hilo hukuniandikia. Nilipouliza sababu, Ganza akanijibu, "Mama, mwenye kukufuata ndiye anachoka. We unapumuzika bure." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Jana nimempiga Fabien! Yule wa pikipiki, mwenye kujisifu. Dakika thelathini na mbili. Ganza aliruka juu ya benchi, Florentine akapiga vigelegele, na Fabien akasema mashine imeharibika. Ganza anafikiri tukiendelea hivi, mimi na yeye tunaweza kusimama mbele ya Uvira bila kusogeza tarehe. Mimi sijui. Sitaki kukuchukulia nafasi. Lakini Ganza anasema mikono yangu ni myepesi, na kwa kweli hata mimi naiona.

Bahati anauliza umeshakula samaki wangapi.

Baki salama,
Faida


Kazimia, Ijumaa 23 Septemba 2022

Mama Bahati,

Nimehesabu. Jina la Ganza umeliandika mara sita. La mtoto wetu, mwishoni, mara moja. Mimi nimo pale juu tu, mahali ambapo barua haiwezi kuanza bila mtu.

Nimefurahi kwamba umempiga Fabien. Fabien hata mimi nilikuwa nampiga nikila muhindi wa kuchoma.

Sasa nijibu bila kuzunguka. Anakaa wapi, huyo mwalimu wako? Anakuja saa ngapi na anaondoka saa ngapi? Hana kazi? Anapokuonyesha kitu anakuonyesha kwa mdomo au anakushika mkono ulioshika kipanya? Usifikiri nasema hivi kwa sababu ni wa milimani na sisi ni wa ziwani. Angekuwa mtoto wa Kazimia ningesema vilevile. Ni mwanaume, kijana, hana mke, na wewe unacheka mpaka machozi yanakutoka. Mimi nimekuoa miaka sita, machozi ya kucheka nimeyaona siku mbili.

Wivu ninao, sikufichi. Ungekuwa hapa ungeuona usoni. Naanika ndagala nikimwona yeye, nageuza ndagala nikimwona yeye. Waziri ameniuliza kama nimeshikwa na malaria.

Kuhusu mchezo, kuna jambo nililolisahau. Kabla ya yote jenga ukuta wa mawe kuzunguka nyumba zako, mizunguko mitatu, na usitoe askari hata mmoja nje kabla ya dakika ishirini na tano. Ndivyo wanavyofanya waliokomaa. Ganza atakuambia sivyo. Wewe mume wako ni nani, mimi au yeye?

Mahmudu


Kazimia, Jumanne 27 Septemba 2022

Ndugu Jacques,

Nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu hapa ufukweni kila gunia lina masikio. Leo ukishusha mizigo Baraka, pita nyumbani kwangu mchana, chumba cha mashine. Sema unataka kuchaji simu. Usiseme nimekutuma. Angalia kijana mmoja mrefu, Ganza, anakaa wapi, na mke wangu yukoje akiwa karibu naye. Ukirudi niambie yote, hata likiwa dogo.

Mahmudu


Baraka, siku ileile

Baba Bahati,

Jambo sana. Mi naandikaka mubaya, unanijua, lakini sitaki kusema hii maneno mbele ya batu ya pale kwenu.

Nilifika saa nane. Batu balikuwa mingi. Ule kijana anaikalaka kuume ya bibi yako, ku kiti ya mashine ya pili, karibu. Bibi yako iko nacheka. Nilisikia kijana anamuambia, "Mama, we uko na kichwa!" Bibi yako akamupiga kofi kidogo ku bega. Ni vile niliona, siongeze.

Lakini bibi yako alinipatia chai na mandazi, akaniuliza habari ya bibi na batoto yangu mumoja mumoja, na mi niko naangalia kiti yake kama mwizi. Nilisikia haya. Mara ingine unitume samaki. Usitume macho yangu.

Jacques


Baraka, Ijumaa 30 Septemba 2022

Baba Bahati,

Nimesoma maswali yako nikayaweka kando wiki nzima ili nisikujibu kwa hasira. Ganza anakaa kwenye mashine ya pili kwa sababu mchezo ni wa wawili na mashine ya pili iko hapo ulipoipigilia waya mwenyewe. Kipanya nakishika mimi. Anaondoka saa kumi kwenda mazoezi ya kwaya. Umetosheka?

Sasa nikuambie habari ya ukuta wako. Jumatano Fabien aliomba kisasi, watu wakajaa mpaka mlangoni, kumi na wanne nimewahesabu. Ganza alipoona naanza kujenga ukuta alitikisa kichwa. Florentine akaninong'oneza niache. Mimi nikasema kwa sauti kwamba hivi ndivyo alivyoniandikia mume wangu, na mume wangu ndiye fundi. Nilitaka watu waone kwamba ninakusikiliza. Mawe yakaniisha kwenye mzunguko wa pili. Fabien alichukua dhahabu yote ya ramani, akala, akanenepa, akaja na mitambo ya kubomolea, na mimi nilikuwa na askari watatu ndani ya ukuta mzuri. Fabien akazunguka chumba akisema, "Fundi wa Kazimia anatusalimia!"

Sikukasirika na wewe. Nadhani umekaa mbali na mashine, umeanza kusahau, si kosa lako. Ila mambo ya mchezo usiniandikie tena, nitatafuta mwenyewe.

Uvira tumeamua. Ni mimi na Ganza. Wengi wamesema hivyo, na mimi ninataka. Nataka sana, Mahmudu, sijapata kutaka kitu cha kwangu namna hii.

Mwezi mkubwa unakaribia, taa za wavuvi hazitavuta ndagala na kila mtu atarudi kwake kupumzika. Njoo. Nitakupikia samaki wa mukeke na sombe ya majani ya muhogo, na utajionea kwa macho yako.

Faida


Kazimia, Jumanne 4 Oktoba 2022

Faida,

Nimesahau? Mimi? Mchezo huo niliuleta Baraka mimi, kwenye diski niliyoifunga ndani ya soksi kutoka Bujumbura. Fabien alishika kipanya mara ya kwanza chini ya mkono wangu. Na leo nakuwa mtu wa kuonewa huruma.

Sitakuja mwezi mkubwa. Kuna nyavu za kushona na meza za kuanikia zimeoza. Sina nafasi.

Na chumba kitafungwa. Nimeshafikiri, usinibembeleze. Mwandikie Roger watu wake wasije. Ijumaa tarehe 14 Jacques atachukua mashine zote nne aniletee huku, zikae kwenye ghala la Waziri mpaka nitakapojua la kufanya. Wewe ulikuwa na kazi ya vitenge kabla ya mashine, rudi kwenye vitenge. Mke wa mtu hakai bega kwa bega na kijana mchana kutwa mbele ya watu kumi na wanne, na juu ya hayo kumpiga makofi ya bega. Ndiyo, ninajua. Usiniulize nimejuaje.

Mahmudu


Baraka, Ijumaa 14 Oktoba 2022

Mahmudu,

Jacques amekuja kuchukua mashine. Nimemwambia arudi na boti tupu. Ziko mezani, nne zote, na zinawaka. Maskini alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akanieleza alivyotumwa kupeleleza, bila mimi hata kumuuliza. Amesema amechoka.

Lakini siandiki kwa ajili ya Jacques. Mama Émilienne, anayekaanga mandazi upande wa pili wa barabara, amekuona Jumanne tarehe 11. Saa saba mchana, umevaa kofia yako ya kijani, umesimama dirishani kwetu nyuma ya watu. Amesema ulisimama muda wa kukaanga masufuria mawili. Kisha ukageuka, ukaenda bandarini, ukapanda boti ya Jacques ileile ukarudi Kazimia. Mtoto wako alikuwa anacheza uani, hatua kumi na tano kutoka ulipokuwa. Kwangu umeandika kuna nyavu za kushona.

Nimekaa siku tatu nikijiuliza uliona kitu gani kikakufukuza. Maana nilijua utasema Ganza. Na Ganza hakuwepo, Mahmudu! Hayupo Baraka tangu Jumamosi tarehe 8. Baba yake amemwita milimani, familia ya mchumba wake Iriza imepokea ng'ombe wa mahari, na harusi yake ni tarehe 22 hiyohiyo. Miezi yote hii alipokuwa anakaa kwenye kiti hicho alikuwa ananisimulia habari za Iriza, anaogopa hatakubaliwa, nami nampiga bega nikimwambia ajipe moyo. Hilo ndilo kofi ulilonunua kwa Jacques.

Siku ile aliyekaa kando yangu ni Florentine na futi yake ya ushonaji shingoni. Sasa niambie uliona nini. Sitaki maneno ya heshima ya mke wa mtu. Nataka unijibu hilo moja. Watu wa Uvira hawajaandikiwa wasije, na hawataandikiwa. Wanafika Jumamosi ijayo.

Faida


Kazimia, Jumanne 18 Oktoba 2022

Faida,

Nimeharibu karatasi nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Nilikuja kumfumania Ganza. Njiani nilikuwa nimeshayapanga maneno yote, mpaka mahali pa kupiga meza. Nilifika dirishani nikatafuta kichwa chake kwanza. Nikaona hayupo. Unajua nilisikia nini? Nilisikia kukosa. Nikasema moyoni, basi ameenda kunywa maji, atarudi, nikamsubiri. Na katika kumsubiri nikatazama mashine yako.

Ulikuwa buluu. Fabien na mwenzake walikuja na askari kama themanini mpaka mlangoni kwako. Nikajua umekwisha. Ningekuwa mimi ningewaita wote walinde ngome, ningekufa pale pale nikiwa nimeikumbatia, maana ngome zangu nazipenda, unajua. Wewe hukuilinda. Uliwakusanya wakulima wako wote, ukawapitisha kwenye kivuko cha kaskazini kama vile akina mama wa soko wanavyobeba mabeseni wakihamia upande mwingine watu wa kodi wanapoingia, bila kelele, hakuna aliyesahauliwa. Fabien akabaki anachoma nyumba tupu na kushangilia. Na farasi wako tayari walikuwa kwenye maghala yake. Aliposhtuka hakuwa na chakula cha kutengeneza hata mkuki mmoja. Dakika ya kumi na moja tangu wafike mlangoni kwako, akasimama akavua koti, akakubali ameshindwa. Watu wakaita "Fundi! Fundi!" na mimi, Faida, niligeuza uso kuitika.

Kisha nikaona wote wanakutazama wewe.

Hapo ndipo nilipoondoka. Ganza ningepigana naye, au ningemfukuza, au ningekushitaki kwa baba yako. Lakini lile nililoliona sikuwa na mahali pa kulipeleka. Sikumwonea wivu mwanaume. Nilikuonea wivu wewe, na labda tangu barua yako ya pili, pale uliposema mikono yako ni myepesi, ila jina la Ganza lilikuwa rahisi zaidi kulishika. Mtu anaweza kumwambia kaka yake, "Naogopa mke wangu ana kijana." Hawezi kumwambia, "Mke wangu amenishinda kwenye mchezo wangu mwenyewe." Mtoto nilimwona uani. Nilimwangalia nikapita. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na ukuta sikusahau. Ukuta niliutunga. Nilitaka upigwe mbele ya watu, uchoke, uache. Wewe ukasimama mbele ya watu kumi na wanne ukasema mume wangu ndiye fundi. Ulipoandika hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye magunia mpaka Waziri akatuma mtu kunitafuta.

Chumba kisifungwe. Sina haki ya kusema kisifungwe, kwa kuwa hukukifunga, lakini nasema ili ujue niko upande gani.

Ijumaa nitakuwa kwenye boti. Waziri anasema mguu utamruhusu kukaa kwenye kiti na kupiga kelele, inatosha. Kama kiti cha mashine ya pili bado hakina mtu, naomba unijaribu. Nitalima, nitakata miti, nitalisha askari, sitakuamuru jambo. Na kama Roger au mwingine akiuliza ni nani aliyekufundisha, mwambie kweli tupu: mimi wiki moja, Ganza wiki tatu, na yale mengine sijui umeyatoa wapi.

Mahmudu


Baraka, Jumanne 18 Oktoba 2022, jioni

Baba Bahati,

Jacques ameshawasha mashine ya boti, ananisubiri, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nimelia kwa ajili ya ule ukuta. Kwa hayo mengine bado sijajua kama nimekasirika au la, tutajua ukifika.

Kiti cha pili hakina nafasi. Florentine amekikalia tangu Ganza alipopanda milimani, amefanya mazoezi kila siku mpaka wateja wake wa nguo wanalalamika, na siwezi kumwinua siku nne kabla ya mechi kwa sababu mume wangu amepona wivu. Ukimwona mpe shikamoo ya fundi, anastahili.

Kilichobaki ni benchi la watazamaji. Lile la mbele, karibu na mashine yangu, nimelifunga kitenge ili mtu asikae. Najua itakuwa kazi ngumu kwako kuliko kulima. Utakaa hapo, utanitazama nikicheza mwanzo mpaka mwisho, na watu wakiita "Fundi" utanyamaza.

Ukiweza hilo, ingia kwa mlango.

Faida